Noeli haianzi tarehe 24 Desemba

Kila mwaka, mvua inapoanza kupiga Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kunaanza pia wimbo mmoja ambao tumeuchoka: "Noeli iko karibu, na hatuna kitu." Wenye mshahara wanauimba, wasio na mshahara wanauimba. Wanauimba kana kwamba Noeli ni mgeni aliyetoka mbali bila kutuma habari. Lakini tarehe 25 Desemba haijahama. Wazee wetu waliikuta pale, na wajukuu wetu wataikuta palepale. Mgeni anayekuya kila mwaka siku ileile si mgeni wa ghafla. Kama anakuta nyumba haijafagiliwa, kosa si lake.

Ndugu wasomaji, hatuandiki kurasa hizi ili kuiponda siku kuu. Tunaipenda. Tunaandika kwa sababu kuna mawazo matatu yanayoiharibu, na mawazo hayo yamevaa nguo ya "desturi yetu" ili mutu asithubutu kuyagusa. La kwanza linasema kupanga siku kuu mbele ya wakati ni mambo ya bazungu. La pili linasema mutu masikini hawezi kupanga. La tatu linasema Noeli bila kutapanya si Noeli. Chama chetu kinachunga desturi, kwa hiyo ni haki yetu kuuliza: desturi ya nani hiyo?

Yale tunayoyaona

Tutazame juma la mwisho mbele ya Noeli ku soko ya Kenya, au soko yoyote ya muji. Bei ya kuku inapanda kila asubuhi. Bunga ya mahindi nayo inapanda, kwa maana Desemba kwetu ni mwezi wa njaa: mahindi ya mwaka jana yanaisha mu ghala na yale mapya yamefika paka ku goti. Makala yanapanda, kwa maana mvua inalowesha matanuru na njia za pori zinakuwa matope. Samaki nayo ni kidogo: upande wa Zambia, uvuvi wa Luapula na ziwa Mweru unafungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Yote hayo si siri. Yanarudia kila mwaka, na kila mwaka jamaa nyingi zinaingia sokoni palepale, wakati ule mubaya kabisa, kununua vyote kwa siku tatu.

Na feza inatoka wapi? Inatoka kwa mukopeshaji, yule watu wanamwita "banque Lambert". Mara nyingi mashauri yake ni hivi: unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha dola 150. Ukishindwa, anabeba televizio, anabeba friji, na kuna wakati anabeba karata ya kiwanja. Kwa dola hizo baba ananunua kuku wawili, viatu vya watoto, kasha la pombe la chupa 12, na mufuko wa bunga. Tarehe 26 kunabaki chupa tupu, na hata zile chupa ni za kurudisha.

Halafu Januari inafika. Masomo yanafunguliwa. Ni kweli, tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipishwi, lakini wazazi wenye watoto mu sekondari wanajua nani analipa. Mutoto aliyevaa viatu vipya tarehe 25 njo yule anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Tena kuna shamba. Huku kwetu mahindi yanapandwa tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba; anayechelewa, mvua inamukimbia mbele mahindi haijakomaa. Kuna watu wanaokula feza ya mbegu na ya mbolea kwa siku mbili za Noeli, halafu mwezi wa tano wanavuna majani. Njo maana tunasema hili si jambo la furaha tu. Ni jambo la chakula cha mwaka muzima.

"Kupanga ni mambo ya bazungu"

Wazo hili linatukasirisha zaidi, kwa sababu ni uongo juu ya wazee wetu. Hatusemi kwamba wazee wa zamani walikuwa na Noeli. Noeli ilikuya na wamisionere: Wabenedikto walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani mwaka 1911, na wengine mbele yao na nyuma yao. Lakini siku kuu, kule kualika, kula pamoja, kucheza na kushukuru, hatukuipokea kwa mutu. Na mu siku kuu ya wazee, hakuna hata kitu kimoja kilichopatikana kwa haraka.

Chukua pombe ya mutama au ya ulezi. Mama analoweka mbegu, anaziacha zichipuke siku kadhaa chini ya majani, anazianika ku jua, anazisaga, anapika, anaacha ichache. Siku inayonywewa, kazi imekwisha kula juma zima au zaidi. Hata munkoyo, ambayo watoto wanakunywa, inaomba mutu aliyekwenda porini kuchimba mizizi, akaiponda, akaitia mu uji uliopoa kidogo, akangoja mpaka kesho. Mama anayesikia habari ya siku kuu siku ya siku kuu hawezi kupika kitu. Kwa hiyo habari ilitolewa mapema, na kila nyumba ilijua sehemu yake.

Chukua kuku wa kienyeji. Mayai yanalaliwa siku 21. Kifaranga kinangoja miezi mitano, sita, ndipo anakuwa kuku wa kuweka ku sahani ya mugeni. Kuku wa Noeli, basi, ni kuku aliyeanguliwa mwezi wa sita au wa saba. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano. Uyoga uliokaushwa, finkubala zilizokaushwa, karanga, samaki ya moshi: vyote hivi ni vyakula vya mutu aliyefikiri mbele. Ghala lenyewe ni nini kama si kalenda iliyojengwa kwa miti na udongo? Mutu anayesema bibi yetu hakuwa na desturi ya kupanga hakuwahi kupanda ngazi ya ghala lake.

Tena wazee walijua kutenga mbegu. Mbegu zilitundikwa juu ya jiko, mu moshi, na hakuna aliyezigusa, hata kwa ajili ya mugeni mukubwa. Siku kuu ilikuwa na mupaka, na mupaka wake ulikuwa mbegu. Leo ule mupaka umevunjwa, na wanaouvunja wanatuambia: "Njo desturi yetu." Hapana. Hiyo si desturi ya mababu. Tunajua ilitoka wapi.

Desturi ya kungoja

Ilitoka ku kampuni. Watoto wa Katanga hawahitaji kufundishwa habari ya Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, wala ya Gécamines iliyochukua nafasi yake kiisha serikali kutwaa mali ile mwanzoni mwa 1967. Kampuni ilitoa nyumba, ilitoa hospitali, ilitoa masomo, na ilitoa posho: bunga ilifika mu kambi kwa mufuko. Hatuisemi vibaya bunga ile. Ilikomaza watu wengi. Lakini pamoja na bunga ilitoa fundisho moja lisiloandikwa: mutu wa kampuni hahitaji ghala. Anangoja. Mwisho wa mwezi unafika, king'ora kinalia, kitu kinatolewa. Siku kuu ikawa jambo la kupokea, si jambo la kutayarisha.

Mwaka 1990, mu Septemba, mugodi wa Kamoto uliporomoka, na kampuni ilianza kuanguka nayo. Mishahara ilikatika miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kwa mupango ule ulioitwa "départ volontaire". Kampuni ya zamani, yenye kulea mutu tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa, haiko tena. Lakini kungoja kwake kumebaki. Watu bado wanangoja Desemba kama wanangoja posho, wakati hakuna tena mutu wa kuileta. Na pale kampuni haiji, mukopeshaji anakuya. Amejaza kiti kilichoachwa wazi.

Ndiyo sababu tunasema: anayetayarisha Noeli tangu mwezi wa tano haigi bazungu. Anarudi kwa bibi yake. Anayengoja tarehe 20 Desemba ndiye anayefuata desturi ya kigeni, tena ya kigeni iliyokwisha kufa.

Serikali haikuiua, deni litaiua

Vijana wengi hawajui hili: mwaka 1974, mu siku za Mobutu na "authenticité", serikali iliondoa Noeli mu siku kuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikafanywa siku ya kazi. Noeli ilikufa? Haikufa. Watu walisali, walikula kidogo walichokuwa nacho, walitembeleana. Siku kuu ambayo amri ya raisi haikuiweza leo inaumizwa na kasha la pombe na viatu vya mukopo. Hili linatufundisha kwamba nguvu ya Noeli haikuwa mu vitu.

Hata tarehe yenyewe si kitu kikubwa kuliko maana. Ndugu zetu Wakimbangu wanasherehekea Noeli tarehe 25 Mei. Hatuingii mu mabishano ya dini. Kila mutu na kanisa lake. Tunaona tu kwamba mwezi wa tano, huku kwetu, mahindi na karanga ziko nyumbani na mvua imekwisha. Anayeshika tarehe 25 Desemba, kama sisi wengi, anashika siku inayoanguka katikati ya njaa. Vema, aishike. Lakini asiishike kama mutu wa Ulaya mwenye ghala lililojaa mavuno ya kiangazi chao. Kuna kinachochekesha kuliko muti wa plastiki uliowekwa pamba juu ya matawi kama teluji, wakati inje mvua inapiga bati, na pori lote limekuwa kijani, na wamama wanashuka ku njia ya Kasenga na vikapu vya uyoga mupya? Uyoga ule njo mapambo ya Desemba yetu. Na unaliwa.

"Masikini hawezi kupanga"

Wengine watatuambia: "Munaandika vizuri, lakini mutu anayekula mara moja kwa siku ataweka nini?" Ulizo hili ni la haki, na hatulikimbii.

Kwanza, kuna watu ambao hatuwaambii waweke akiba, kwa sababu ingekuwa matusi. Tangu M23 ilipoingia Goma mu Januari 2025 na Bukavu mu Februari mwaka uleule, jamaa nyingi zimetawanyika, na kuna waliofika kwa ndugu zao na mufuko mumoja tu. Mutu kama huyu hatayarishi Noeli. Noeli inatayarishwa kwa ajili yake. Sahani yake inapaswa kuhesabiwa mu nyumba nyingine, tangu Oktoba, kwa jina lake. Hiyo nayo ni kupanga.

Pili, masikini njo yule anayelipa bei ya juu kuliko wote. Tajiri ananunua mufuko muzima wa makala mu Agosti. Masikini ananunua kwa sahani mu Desemba, na kwa ile sahani analipa mara mbili. Kwa hiyo kusema kupanga ni kwa matajiri ni kugeuza neno kichwa chini. Tajiri anaweza kukosa kupanga na akala. Masikini akikosa kupanga, anakuwa mutumwa wa mukopeshaji.

Tatu, wamama wa soko wamekwisha kutuonyesha njia. Likelemba haikuletwa na mwalimu wa chuo kikuu. Watu kumi wanaoaminiana, dola 5 kwa mwezi kila mumoja, tangu Februari hadi Novemba: miezi kumi, dola 50 kwa kila nyumba bila faida ya mutu. Kwa Noeli, tunashauri feza isitolewe kwa zamu, bali iwekwe mu kasha lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, ifunguliwe mwanzo wa Novemba mbele ya wote. Mwenye dola 5 hana? Aweke 2. Dola 20 zilizo zako ni nzito kuliko dola 100 za banque Lambert.

Noeli ambayo mama hakai chini

Kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisoma, lakini tutaliandika. Siku kuu isiyotayarishwa inabebwa na mutu mumoja: mama wa nyumba. Baba anasema "tutaona", na "tutaona" hiyo inaonwa na mama, saa tisa ya usiku, ku foleni ya maji. Yeye anatafuta makala yenye kulowa, anapuliza moto, anapika bukari ya watu thelathini walioalikwa bila yeye kuulizwa. Wageni wanaimba, wanakunywa, wanasifu chakula. Tarehe 25 jioni yeye hajakaa chini hata mara moja, na tarehe 26 anaosha vyungu. Halafu tunasema jamaa yote ilifurahi.

Zamani kazi ya siku kuu iligawanywa: vijana kuni na maji, wasichana kutwanga, wamama kupika, wanaume kuwinda, kuchinja na kutengeneza vibanda. Iligawanywa kwa sababu ilitangazwa mapema. Kazi inayotangazwa mapema inapata mikono mingi. Kazi ya ghafla inaanguka ku mikono iliyo karibu na jiko. Vijana wetu wanaojua kubeba kasha za pombe wanaweza pia kubeba bido za maji tarehe 23. Haipunguzi kitu mu uanaume wao.

Maana nayo inatayarishwa

Mpaka hapa tumesema habari ya bunga na makala. Lakini moyo wa siku kuu unaomba muda kuliko tumbo. Wakristu wana Adventi, juma nne za kungoja kwa kujitayarisha, na si bure kwamba kanisa liliziweka. Mila yetu nayo ilikuwa na neno lake: watu wenye ugomvi hawanywi ku chungu kimoja. Mbele ya siku kuu, wazee waliita wenye kukosana, wakakata maneno. Leo ndugu wawili wasiosemezana miaka mitatu wanaketishwa ku meza moja tarehe 25, pombe inaingia, na siku kuu inaisha ku polisi. Kikao cha jamaa kifanywe mu Oktoba, mchana, na maji ya kunywa tu. Kule njo Noeli inaanza kweli.

Tena, watoto wafundishwe kitu cha kusema. Mutoto anayepita nyumba kwa nyumba akisema paka "Bonane yangu!" amejifunza kupokea tu. Mutoto anayesimama mbele ya meza akataja baba yake, babu yake, baba wa babu yake, na kijiji walikotoka, huyo ametoa zawadi ambayo haiuzwi ku magazini. Kujifunza majina hayo kunaomba juma kadhaa, na mutu muzee wa kuuliza. Wazee hao wanakufa mumoja mumoja, na hawangoji Noeli ijayo.

Mashauri yetu

Januari au Februari: likelemba ifunguliwe. Mei, mavuno yakiingia: mufuko mumoja wa mahindi na kikapu cha karanga vitengwe, vikauke vizuri, vifichwe. Juni na Julai: kuku walaze, na wapate chanjo ya Newcastle, ugonjwa ule unaomaliza kundi zima. Agosti na Septemba: makala yanunuliwe wakati njia ni kavu. Viatu vinavyonunuliwa kwa masomo viwe vya Noeli pia, vipakwe rangi tarehe 24, mutoto hatakufa. Oktoba: kikao cha jamaa, hesabu ya wageni, jina la mujane na la mutu wa mbali atakayealikwa. Novemba: kasha lifunguliwe, mbegu na mbolea kwanza, samaki kavu mbele ya bei kupanda, na minervali ya Januari itiwe mu bahasha inayofungwa. Kinachobaki njo cha siku kuu. Desemba: kupika, kusali, kutembeleana.

Watasema: "Bantu batasema je, wakiona meza yetu ni ndogo?" Tunajibu: watu hao watakuwa wapi tarehe 5 Januari, mutoto akirudishwa na kitabu mukononi? Atakayecheka sahani yako ya bukari, sombe na uyoga hatakuletea mbegu mu Novemba ijayo. Na atakayekula nayo kwa furaha, huyo njo mugeni wako.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu, walimu, wakubwa wa makanisa, wamama wa likelemba na wakubwa wa jamaa, waache kutuliza watu kwa neno "desturi" pale ambapo hakuna desturi bali deni. Bibi alitundika mbegu ku moshi na akacheza siku kuu mpaka asubuhi. Alifanya vyote viwili. Mwenye kufanya kimoja tu asimutaje.